Je, Kutulia Moyo ni Kusahau?

Kila ufikapo mwezi wa Aprili mji wa Kigali hubadilika sura. Tarehe 7 bendera hupepea nusu mlingoti, muziki wa starehe hunyamaza, na watu hukusanyika mitaani, shuleni na katika makumbusho ya Gisozi, mahali walipozikwa watu zaidi ya 250,000 waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Katika mikusanyiko ya namna hiyo hutokea jambo ambalo wakazi wengi wa mji huu wamelishuhudia. Mtu aliyekuwa ameketi kimya huanza kutetemeka. Kifua humbana, pumzi humkatika, naye hupiga ukelele kwamba wanakuja, kwamba watu wajifiche. Wasaidizi humwinua kwa upole wakampeleka kando. Wanyarwanda huliita jambo hilo ihahamuka, neno lenye asili moja na ibihaha, yaani mapafu. Ni hofu ya kumtoa mtu pumzi, kana kwamba mapafu yenyewe yamemtoka.

Hatukusudii hapa kusimulia msiba ule. Wapo waliofanya kazi hiyo kwa uaminifu. Twataka kuuliza swali moja la maadili. Zipo leo njia mbili za kuutibu moyo uliojeruhiwa ambazo zimeenea duniani na zimekwisha fika kwetu. Ya kwanza ni tiba ya fikra na mwenendo, ambayo humfundisha mgonjwa kuzichunguza fikra zake na kuzirekebisha. Ya pili ni uzingativu, yaani mazoezi ya kuhudhurisha moyo mahali mtu alipo na saa aliyo nayo, bila kuburutwa na yaliyopita wala kutishwa na yajayo. Sasa mtu aliyeona jamaa zake wakiuawa, je, ni haki kumwambia kwamba arekebishe fikra zake? Na katika nchi iliyojiwekea wajibu wa kukumbuka, je, ni uadilifu kumfundisha mtu kukaa katika wakati uliopo? Kwa maneno mafupi: kutulia moyo si kuwasahau waliokufa?

Swali hili si la kubuniwa kwa ajili ya mjadala. Huulizwa na watu wazima wenye busara, na aghalabu huulizwa kwa uchungu. Hivyo hatuna haki ya kulijibu kwa haraka.

Tuanze kwa kueleza njia hizo mbili zilivyo. Wazo la msingi la tiba ya fikra ni la kale. Epictetus, mwanafalsafa aliyezaliwa mtumwa katika karne ya kwanza baada ya Kristo, alifundisha kwamba mtu hasumbuliwi na mambo yenyewe, bali na hukumu aitoayo juu ya mambo hayo. Katika miaka ya 1960 daktari Aaron Beck wa Philadelphia, Marekani, aliona kwamba vichwani mwa wagonjwa wa sononi hupita mkondo wa fikra zijazo zenyewe, fupi na za haraka: mimi si kitu, kosa ni langu, hakuna litakalobadilika. Mgonjwa huziamini kwa kuwa hajapata kuzihoji. Beck akawafundisha wagonjwa wake kuzikamata fikra hizo, kuziandika, kutafuta ushahidi wa kuziunga mkono na wa kuzipinga, kisha kuzipima kwa vitendo. Vitendo navyo ni nusu ya tiba hiyo. Anayejifungia ndani kwa hofu huirefusha hofu yake, kwa sababu hajipi nafasi ya kuona kwamba njia ya leo ya kwenda sokoni si kizuizi cha barabarani cha mwaka 1994.

Lugha yetu ya Kiswahili ilikwisha kulijua jambo hili. Tunapomwona mtu amekonda na usingizi umempaa, twasema ana mawazo. Hatusemi mawazo gani, wala hatuna haja ya kusema. Neno lenyewe limekuwa jina la ugonjwa. Washona wa Zimbabwe nao wana neno lao, kufungisisa, maana yake kuwaza kupita kiasi.

Uzingativu una mizizi yake katika dini ya Kibudha. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn aliuingiza katika hospitali moja ya chuo kikuu huko Massachusetts kwa ajili ya wagonjwa wenye maumivu ya siku nyingi. Mazoezi yake ni mepesi kueleza na magumu kutenda. Mtu hukaa, huiangalia pumzi yake ikiingia na kutoka. Fikra ikija huitambua kuwa ni fikra, haipigi vita wala haifuati, kisha huirudisha akili kwenye pumzi. Wazee wa Nyamirambo na wa mwambao hawatalistaajabia jambo hili, kwani wamezoea kusikia kwamba sala isiyo na moyo uliohudhuria ni kuinama na kuinuka tu.

Na sasa twende kwenye hoja ya kwanza ya wapinzani, nayo ni nzito. Wanasema: Daktari wa Philadelphia aliwatibu watu waliodhani kwamba dunia imewageuka, ilhali haikuwageuka. Lakini mtu wa hapa akisema, "Jirani aweza kuniua," anasema jambo lililotokea. Fikra hiyo ina kosa gani hata irekebishwe? Kumwambia mtu huyo kwamba anawaza vibaya ni kumwongezea dhuluma juu ya dhuluma.

Twakubali kwamba hoja hii ingeishinda tiba yoyote inayodai kuwa kila huzuni ni kosa la kufikiri. Lakini tuitazame kwa makini methali moja ya Kiswahili: aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mara nyingi twaitumia kumcheka mwoga. Hata hivyo methali yenyewe haisemi kwamba nyoka hakuwapo. Nyoka alikuwapo, aliuma, na sumu yake iliingia mwilini. Kilichokosewa ni kimoja tu: ung'ongo umehesabiwa kuwa nyoka. Kwa hiyo yatubidi kutenganisha mambo matatu ambayo maumivu huyafunga pamoja. Kwanza ni tukio, nalo ni kweli. Pili ni huzuni, nayo ni haki ya mfiwa. Tatu ni hukumu ambayo mtu huitoa juu yake mwenyewe na juu ya dunia nzima kutokana na tukio hilo. Ni hili la tatu peke yake linaloweza kuwa kweli au uongo, na hapo ndipo tiba ina ruhusa ya kuingia.

Tumfikirie mama mmoja, wa mfano tu, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akijiambia: "Mwanangu alikufa kwa sababu niliuachia mkono wake tulipokuwa tukikimbia." Mtabibu mwema hamwambii kwamba hakufiwa, wala hamwambii kwamba asilie. Humwuliza: Saa ile ulijua nini? Ulikuwa na njia gani nyingine? Kama jirani yako angekuletea kisa hiki hiki, ungemhukumu hivyo? Na panga lilikuwa mkononi mwa nani? Polepole mama huyo huona kwamba kwa miaka yote amebeba hatia ya mtu mwingine. Aliyeua alikwenda zake akiwa mwepesi, na aliyefiwa akabaki na mzigo wa muuaji kichwani.

Basi hapa kurekebisha fikra si kumfariji mtu kwa uongo. Ni kuirudisha hatia kwa mwenyewe. Mama huyo hatoki akiwa na huzuni ya bandia iliyogeuzwa kuwa furaha. Anatoka na huzuni yake halisi, iliyosafishwa na hukumu isiyo ya haki. Twaona kwamba tendo hilo ni tendo la kweli, na la haki pia. Sisi walimu twaweza kulielewa kwa urahisi, kwani kazi yetu ya kila siku ni kusahihisha. Mwalimu mzuri hapigi mstari mwekundu juu ya sentensi sahihi kwa sababu tu inahuzunisha. Na mtabibu anayekimbilia kuita kila fikra ya kuhuzunisha kosa, huyo amekosa yeye.

Hoja ya pili yahusu kumbukumbu. Wanasema: Wafu hawana sauti ila yetu. Tukifundishwa kukaa katika saa hii, pamoja na pumzi zetu, nani atakaa nao? Neno Kwibuka, yaani kukumbuka, ndilo jina la maombolezo ya kila mwaka. Je, uzingativu haupingani nalo?

Hapa twaomba wasomaji wamrudie yule mtu aliyepiga ukelele katika mkusanyiko. Je, alikuwa akikumbuka? La hasha. Anayekumbuka husema, "Walikuja." Yeye alisema, "Wanakuja." Kwake yeye mwaka 1994 haukuwa umepita, ulikuwa umeingia pale uwanjani na kuketi mahali pa leo. Hakuikumbuka siku ile, bali ilimvamia. Katika hali hiyo hawezi kumtaja baba yake jinsi alivyokuwa, wala kusimulia alivyocheka, alivyolima, alivyowatania wajukuu. Anachokiona ni kifo tu, na kifo hicho kimemla marehemu mzima. Kumbe mavamizi hayo hayailindi kumbukumbu, huipora.

Kukumbuka kwahitaji nyakati mbili: wakati wa jambo na wakati wa anayelikumbuka. Ni lazima mtu ajue kwamba amesimama leo ndipo aweze kuitazama jana. Taifa lenyewe limelifahamu hilo. Kumbukumbu imewekewa mahali, kama Gisozi, na imewekewa majira, juma la maombolezo na siku mia zinazofuata. Watu huingia humo kwa hiari, wakiwa wameshikana mikono, kisha hutoka. Uzingativu humfanyia mtu mmoja kazi iyo hiyo. Anapoihisi miguu yake ardhini na pumzi yake kifuani, anajipatia pahali pa kusimama. Kutoka hapo aweza kwenda kwa wafu wake na kurudi. Kwa hiyo twasema kwamba kutulia moyo si kusahau. Bila utulivu kiasi fulani hakuna kukumbuka.

Lakini njia hiyo yataka uangalifu. Mtu mwenye jeraha kubwa akiambiwa afumbe macho na kutazama ndani yake, huenda akayakuta humo yale yale aliyoyakimbia. Ndiyo maana watabibu wenye uzoefu humwacha afumbue macho, ataje vitu avionavyo, aguse kiti alichokalia, na aache mazoezi akiona yanamzidi. Uzingativu si dawa ya kugawiwa watu wote kwa kijiko kimoja.

Mtu aweza kusema kwamba haya ni maneno matupu, kwamba njia zilizobuniwa Marekani hazitafaa kwa watu wetu. Tutazame yaliyofanyika karibu nasi. Huko Kivu ya Kusini, ng'ambo ya mto Rusizi, wanawake waliofanyiwa ukatili wa kijinsia walipewa tiba ya fikra katika vikundi, wakiongozwa na wasaidizi wa hapo hapo ambao hawakuwa na elimu kubwa ya saikolojia. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Miezi sita baada ya tiba, waliobaki na dalili za sononi au wasiwasi mkubwa walikuwa asilimia 9 katika vijiji vilivyopata tiba ya vikundi, na asilimia 42 katika vijiji ambako wanawake walipata msaada wa mmoja mmoja wa kawaida. Tukumbuke kwamba vita havikuwa vimekwisha huko. Wanawake hao hawakufundishwa kwamba hatari haipo. Walifundishwa kutenganisha hatari iliyopo na hatia isiyo yao. Huko Harare nako, tangu mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda aliwafundisha akina bibi wa mtaa wa Mbare kukaa kwenye benchi na wale wanaowaza kupita kiasi, na kuwasaidia kulipasua tatizo moja moja. Na huko Bungoma, Kenya, waliojifunza kuwatibu watoto yatima kwa njia ya fikra na mwenendo, chini ya mpango uitwao Pamoja Tunaweza, walikuwamo walimu wa shule.

Jambo moja laonekana katika mifano hiyo. Njia hizi, ambazo kwingine hufanywa na watu wawili katika chumba kilichofungwa mlango, huku kwetu hustawi zaidi zinapofanywa na wengi. Hata hapa Rwanda, huko Byumba, ulianza mwaka 2005 utaratibu wa vikundi vya watu 10 hadi 15 wakutanao kwa majuma 15, walionusurika pamoja na jamaa za waliofungwa, wakianza na usalama na kuaminiana kabla ya kugusa kumbukumbu. Kilio huanza mfiwa, na wa mbali wakaingia.

Imesalia hoja ya tatu, nayo hatudai kuishinda. Wanasema: Mwafundisha watu kutulia ili wasidai haki yao. Hoja hii ni onyo la kweli. Epictetus alikuwa mtumwa, na mafundisho yake yaweza kumsaidia mtumwa astahimili. Lakini bwana wa watumwa naye aweza kuyapenda, kwani mtumwa aliyetulia hamsumbui. Mtu mwenye njaa akisema, "Sina chakula," hiyo si fikra ya kurekebishwa; ni habari ya kushughulikiwa. Mjane anayedai shamba lake hahitaji kufundishwa kupumua kabla hajasikilizwa. Nchi hii ilianzisha mahakama za Gacaca, zilizofungwa mwaka 2012 baada ya kusikiliza kesi zinazokaribia milioni mbili, kwa sababu ilijua kwamba jeraha la dhuluma halifungwi kwa faraja peke yake. Basi twaweka mpaka huu: tiba ya moyo ni halali maadamu haichukui nafasi ya haki. Inapotumiwa kunyamazisha, imekwisha kuwa kitu kingine.

Hata hivyo mpaka huo una pande mbili. Haki nayo haiwezi kuchukua nafasi ya tiba. Uchunguzi wa afya ya akili uliofanywa nchini mwaka 2018 ulionyesha kwamba ugonjwa utokanao na kiwewe uliwapata asilimia 3.6 ya watu kwa jumla, lakini miongoni mwa walionusurika mauaji ya kimbari ulikuwa asilimia 27.9. Kesi nyingi zilikuwa zimekwisha kuamuliwa kabla ya hapo, na wauaji wengi walikuwa wamehukumiwa. Hukumu ya mahakama haikuweza kuingia ndani ya usiku wa mtu.

Kwa nini basi wengi hawaendi kutafuta msaada? Sababu moja ni heshima tuliyoipa kimya. Wanyarwanda wana methali isemayo kwamba machozi ya mwanamume hutiririka kuelekea tumboni. Kustahimili ni sifa njema, nasi hatutaki kuidharau. Ndiyo iliyowainua wengi asubuhi walipokuwa hawana sababu nyingine ya kuamka. Lakini Waswahili nao wameonya: mficha maradhi, kifo humuumbua. Sababu nyingine ni jina. Hospitali ya Ndera, iliyofunguliwa mwaka 1972 pembeni mwa mji wa Kigali, na ambayo wakimbizi waliojificha humo waliuawa mwaka 1994, kwa miaka mingi ilitajwa vinywani mwa watu kama mahali pa vichaa tu. Kumwambia mtu aende Ndera lilikuwa tusi. Daktari Naasson Munyandamutsa, ambaye alikuwa Uswisi mwaka ule wa msiba na akarudi nyumbani kuwatibu watu wake hadi alipofariki mwaka 2016, alikuwa mmoja wa waliofanya kazi kubwa ya kuondoa aibu hiyo.

Na hapa ndipo wajibu wetu, walimu wa lugha, unapojitokeza. Sisi si waganga, na ni hatari tukijifanya waganga. Mwanafunzi anayeshtuka mlango unapogongwa, au anayezubaa kila ufikapo Aprili ingawa alizaliwa miaka mingi baada ya 1994, apelekwe kwa wenye ujuzi. Huduma hizo zipo siku hizi hata katika hospitali za wilaya. Lakini maneno ni yetu. Ni sisi tunaomfundisha mtoto kama aseme "nimerogwa", "mimi mjinga", "mimi kichaa", au aseme "ninaogopa", "ninahuzunika", "nina fikra inayonijia". Sentensi hiyo ya mwisho ni ndogo, lakini ina nguvu. Asemaye "mimi si kitu" ametoa hukumu juu yake mwenyewe. Asemaye "imenijia fikra kwamba mimi si kitu" amekwisha kusimama kando ya hukumu hiyo na aweza kuihoji. Tofauti baina ya sentensi hizo mbili ni ya sarufi, na tiba nzima yaanzia katika tofauti hiyo.

Twarudi basi kwenye swali letu. Mwenye kovu usidhani kapoa, walisema wahenga, na methali hiyo yatufaa hadi mwisho. Hakuna mazoezi ya pumzi wala daftari la fikra litakaloondoa kovu la aliyefiwa na watu wake wote, wala haitupasi kulitaka liondoke. Twachoomba ni kidogo zaidi: kwamba aliyedhulumiwa asijihukumu kwa kosa la aliyemdhulumu, na kwamba anapowaendea wafu wake aende kwa miguu yake mwenyewe, akiwa na njia ya kurudi. Ugonjwa huu uliitwa kwa jina la mapafu kwa sababu humwondolea mtu pumzi. Kumrudishia pumzi hiyo si kumtaka awasahau wafu wake. Anaihitaji ili aweze kuwataja majina.